Chokaa ya Mwezi wa Tano

Kila mwezi wa tano napewa ndoo ya chokaa,
brashi iliyokwisha nywele,
na elfu kumi na tano nikishatia dole gumba
kwenye daftari la ofisi ya kata.
Mawe ni arobaini na moja. Nayajua kwa kiuno.
La kwanza limeinamia barabara ya Babati,
la mwisho mchwa wamelivisha blanketi.

Wageni hufika saa tano, si saa tatu iliyoandikwa.
Turubai la bluu. Viti vya harusi ya Mwajabu,
vingine bado vina utepe.
Msomaji anapuliza kipaza sauti, anaanza:
hawa walipanda huku, wale wakateremka kule,
kilima kikashikwa, kikaachwa, kikashikwa tena.
Anasema jeshi hili, jeshi lile,
utadhani Simba na Yanga.

Hasemi kwamba huku na kule
kidole juu ya kifyatulio kilikuwa cheusi,
kwamba usiku, handaki kwa handaki,
watu waliitana kwa Kiswahili:
nani ana tumbaku?
nani katoka Unyanyembe?
mvua imenyesha kwetu?
Asubuhi wakalengana.

Alizeti za Kimolo zinaanzia pale pale
utepe wa mipaka unapoishia.
Plau ikipita, maganda ya risasi yanaibuka
kama karanga zilizosahauliwa.
Watoto wanayapuliza filimbi.
Beberu wangu kavaa moja kubwa shingoni,
nimelitia kokoto ndani, nimsikie akipotea.

"Dakika moja ya ukimya," wakasema.
Tukasimama. Kofia zikavuliwa.
Na kutoka nyuma ya turubai:
ngo. Ngo, ngo.
Diwani akanitazama.
Mimi nikatazama viatu vyangu.
Ilikuwa dakika ndefu, na beberu alikuwa na njaa.

Mimi si wa hapa. Nimeolewa Kondoa,
nimezaliwa Ugogo, ng'ambo ya Bahi,
na bibi yangu hakulijua jina la kilima hiki.
Kwake vita havikuwa na mzinga.
Vilikuwa ghala linafagiliwa mpaka udongo,
askari wanapima mtama kwa kofia,
ng'ombe wanaswagwa, mkia wa mwisho
unazama kwenye vumbi la kaskazini.
Halafu mvua ikagoma.
Aliuita mwaka ule Mtunya,
na hakulitamka neno hilo akiwa na chakula mkononi.
Aliweka kwanza bakuli chini.

Chidawali, kaka wa baba yake,
alitwaliwa kisimani na kamba bado mkononi.
Akatwishwa sanduku.
La risasi, au la chumvi, au la mvinyo wa bwana,
hakuna aliyerudi kutuambia.
Mpagazi haanguki vitani, hukaa chini tu
pembeni mwa njia, na msafara unapita.

Mwaka juzi chokaa ilibaki nusu ndoo.
Nikaviringisha jiwe kutoka korongoni,
nikaliweka kwenye mstari, baada ya lile la mchwa,
nikalipaka. Basi.
Sikusema dua; sikujua ipi ingemfaa.

Mwaka jana karani mgeni alihesabu kwa kalamu.
Akaandika: arobaini na mbili.
Hakuuliza. Bajeti ni ya arobaini na mbili sasa,
na nikipunguza moja wataniita mwizi.

Mwaka huu mzee mmoja wa kizungu,
kikohozi kimemwinamisha,
aliacha wenzake kwenye soda
akaenda mpaka mwisho wa mstari.
Akapiga goti mbele ya jiwe la korongoni,
akatafuta jina kwa vidole,
huku, kule, na nyuma.
Nilikuwa na ndoo mkononi, nikataka kumwambia.
Kwa lugha gani? Na nianzie wapi,
kwenye kofia, au kisimani?

Chokaa ilikuwa mbichi.
Akainuka, akanipa heshima kwa kichwa,
akapanda gari lao la Dodoma
na doa jeupe gotini,
kubwa kama kiganja.