Meza ya Saba, Dundee

Umeniuliza kwa simu, Ambakisye, mbinu ya kushinda,
kama mtu anayeuliza bei ya saruji.
Sina bei. Nina daftari lenye madoa ya chai
na pauni arobaini nilizozichomoa
kwenye mshahara wa kufua mashuka ya hospitali.

Jumamosi tulikuwa sabini na wawili, meza tisa.
Nje mvua ya Dundee ilinyesha kwa ubavu.

Saa ya kwanza: tupa.
Tupa ghulamu na saba. Tupa mfalme na tatu.
Tupa hata ree, ikiwa mwenziwe ni dhaifu.
Fraser, fundi bomba, alicheza kila mkono
kama anayelipwa kwa saa; kabla ya chai alikuwa mlangoni, anatafuta koti.
Mama husema subira yavuta heri.
Mama hajawahi kukaa mahali ambapo dau la lazima
hupanda kila dakika ishirini,
na subira yenyewe hutozwa kodi.

Kwa hiyo saa ya tatu nikaanza kuiba.
Usishtuke, ndivyo wanavyoita wenyewe:
unapandisha dau ukiwa wa mwisho kusema,
mkononi una nne ya pau na tisa ya uru, takataka tupu,
na unautazama ukuta
kama mtu anayejaribu kukumbuka kama alizima jiko.
Wakatupa wote. Mkwara ni kazi ya uso uliochoka,
na wangu ulikuwa umetoka zamu ya usiku.

Lakini hayo yamo hata vitabuni.
Jambo lenyewe ni hili: meza huvunjwa.
Umeshajua kwamba Morag hushusha pumzi akipata jozi,
umeshajua nani anaogopa, nani amekopa,
mara anakuja dada mwenye redio ya upepo, anataja kiti chako.
Unabeba chipsi zako kwenye trei
(chipsi zisizolika, na tumbo linanguruma)
unakwenda kukaa katikati ya watu wasiokujua,
wanaokutazama mikono.
Hapo wengi huanguka. Huja na hasira ya meza ya zamani.
Mimi nimehamishwa Tukuyu, Mbeya, Dar, Leicester;
najua kukaa kimya kwenye kiti chenye joto la mtu mwingine.
Meza ya saba, mizunguko miwili sikugusa kitu.
Nilisikiliza tu.

Tukabaki kumi. Hulipwa tisa.
Chumba kizima kikapumua kwa pua.
Agnieszka, mwenye mnara wa chipsi hadi kidevuni,
alikuwa akitusukuma kama ng'ombe mlangoni mwa josho.
Nikafunua pembe za karata: ree ya shupaza, ree ya kopa.
Nikazimwaga zote.
Yeye alikuwa na saba mbili.
Mara nne kati ya tano nashinda mimi, nimepiga hesabu hiyo
mara nyingi kuliko nilivyopiga magoti.
Karata ya mwisho ikawa saba.

Alinipa mkono, akashindwa kunitazama.
Basi la mwisho lilikuwa limeondoka. Kituoni, chini ya taa,
niliandika: ree mbili, zote ndani, sahihi.
Nikalipigia mstari hilo neno sahihi
mpaka karatasi ikatoboka.

Usimwambie mama ni karata.
Mwambie yalikuwa mashindano.
Akiuliza nilishika nafasi ya ngapi,
sema ya kumi, kati ya watu sabini na wawili.
Atafurahi. Shuleni sikuwahi.