Tonge la Pili

Jikoni, mtaa wa Pekařská, Brno,
theluji imeziba dirisha hadi kifuani.
Nanakili kazi ya Bwana Kuthan:
ukurasa kwa krona mbili, wino juu yangu.

Noti kumi na mbili, nyeupe kwa nyeusi,
na sharti lake ni moja tu:
iliyokwisha kusema ikae kimya
hadi zile nyingine kumi na moja zimalize.
Hakuna bwana humu, hakuna mtwana.
Kisha safu hiyohiyo huikamata mkiani,
huivuta kinyumenyume,
huipindua, kilichopanda kikashuka,
kama mama ageuzavyo soksi
akitafuta pa kutia kiraka.

"Huo wimbo," mama auliza, mikono ndani ya unga,
"unarudi nyumbani saa ngapi?"
Haurudi, mama.
"Kwani umefukuzwa?"
Nachovya kalamu.

Tulikuwa kumi na mbili mezani:
Vendelín, Blažena, wale mapacha, mimi wa saba,
baba na masizi ya kiwanda kwenye kope,
na sheria ya mama, ngumu kuliko sufuria yake:
hagusi mtu tonge la pili
kabla la kwanza halijamfikia wa mwisho.
Hata baba.
Hata siku ya mshahara.
Na leo yeye ndiye asemaye
muziki huu haukulelewa.

Usiku wa tatu, fidla ya pili, mstari wa tisa:
noti ya nne imerudi,
na tano bado hazijapewa zamu.
Nikahesabu kwa kidole. Nikahesabu kwa punje za dengu.
Kosa si langu, ni lake.

Asubuhi nikavuka reli za tramu,
wembe wa kukwangulia wino mfukoni.
Akautazama ukurasa. Akaipiga ile noti
kwenye piano iliyopungukiwa nyuzi,
akaipiga tena, akavua miwani.
"Iache," akasema.
"Hiyo ilikuwa na njaa."

Nyumbani sahani zilikuwa mbili, ndizo zilizobaki.
Yangu haijaguswa, imefunikwa kwa kitambaa.
Mama alikuwa na la pili kinywani.
Akaacha kutafuna, macho chini,
mkono juu ya sahani yake kama mwizi.

Kula, mama, nikasema,
nikaketi upande wa pili wa meza
kungoja wino ukauke.