Taji la Bi Thureya

Kwanza maji.
Ya kisima cha hapa King'orani yana chumvi,
ukioshea nywele zinakuwa kamba ya usumba,
kwa hivyo kila asubuhi Kazungu wa mkokoteni
huniletea mitungi minne ya maji matamu,
na kila asubuhi hunidai ya jana.

Alianza Kamene wa Changamwe,
kipilipili, urefu wa ukucha wa kidole gumba.
"Nataka taji." Nikamwambia, kaa.
Nywele fupi hazilazimishwi, hubembelezwa:
mafuta ya nazi, mkia wa kitana,
uchukue kidogo kidogo kama chumvi ya kuonja,
ulaze msuko ubavuni mwa kichwa
ukiulisha rasta nyembamba kila hatua,
mpaka mwisho uukute mwanzo nyuma ya sikio
isijulikane ni upi uliomngoja mwenzake.

Kisha Tahiya, singa mpaka kiunoni,
za kuteleza kama bamia.
Watu humwonea wivu. Mimi humwonea huruma,
nywele zisizoweka ahadi.
Nilizinyunyizia maji ya sukari zishikike,
nikasuka mikia miwili, nikaizungusha
kama anayeanza kitako cha kikapu.
Vyupio kumi na saba, nilivihesabu,
na bado akicheka kimoja hudondoka.

Adhuhuri stima ikakatika.
Feni ikazunguka kwa mazoea, ikasimama.
Hapo ndipo alipoingia Bi Thureya,
buibui likinukia udi wa nyumba
niliyoifukiza mimi, miaka sita.

"Feswali yuwaoa Jumamosi,"
akasema, akakaa bila kukaribishwa.
"Nataka taji. Sina mwengine ajuaye kichwa changu."

Nikakitazama.
Utosi waonekana. Pembeni zimelika
kama zulia la mlangoni.
Mwanamke huyu aliniita mgumba mbele ya wageni,
akaendelea kupakua pilau.
Na ni huyu huyu niliyekuwa nikimsuka usiku wa Ijumaa,
yeye chini jamvini, mimi kitandani,
kichwa chake katikati ya magoti yangu,
na hapo, hapo tu, hatukugombana.

Ningevuta.
Msuko mmoja wa kukaza, nyusi zingepanda juu
akaenda harusini ameshangaa mpaka arudi.

Mkono ukakataa.
Nilianzia kisogoni palipobaki wingi,
nikaazima huko nikaleta mbele, kwa kulegeza,
kama unavyosogeza kiti kizuri
kikafunike ufa wageni wakija.
Uzi mweusi wa pamba tu; rasta ingemlemea.

"Mtindo huu waitwaje sasa?"
"Taji, Mama." Lilinitoka, hilo la Mama.
"Enzi zetu tulikuwa na twende kilioni."
"Basi huu ni twende harusini."
Hakuna aliyecheka. Kisha akacheka yeye,
na mabega yake yakagonga magoti yangu.

Niliporudi nilipoanzia
pakabaki mwanya wa vidole viwili.
Nywele zimekwisha.
Akapapasa, akapagundua, akanyamaza.
"Hapo patakaa kikuba," nikamwambia. "Jumamosi."
"Na nani atanitilia?"
Nikafuta kitana.

Nilimtoza bei kamili.
Yeye, ambaye Marikiti hugombania
shilingi tano ya bizari mpaka muuzaji achoke,
akatoa, akahesabu mara mbili,
hakuomba nimpunguzie.
Nikaelewa kwamba hilo ndilo neno lenyewe,
na kwamba jingine halitakuja.

Jumamosi alfajiri nilinunua asumini mbichi,
nikafunga kikuba kwa uzi ule ule mweusi,
nikaweka na vyupio vitatu kwenye karatasi
na maandishi: *tia kutokea kushoto, usikaze.*
Nikampa Kazungu, nyumba anaijua.
Akapokea, akanusa, akaweka juu ya mitungi.

Akanidai ya jana.