Maji ya Radi

Mabomba manne ya inchi mbili, nati na bolti,
mita kumi na mbili kwa futikamba ya fundi Mchopa,
na hapa Newala upepo haubishi hodi:
unapanda kutoka bonde la Ruvuma, unafika ukingoni,
unaingia uani kama mwenye nyumba.
"Usidanganyike," alisema Mchopa,
"mnara hausimami. Unashikiliwa."

Mashimo matatu, umbali sawa toka shinani.
Moja likaangukia kwenye mkorosho wa dada yangu Somoe.
Nikataka waya tuufunge hapo hapo,
shina nene, la bure, halihitaji saruji.
Mchopa akatema mate pembeni.
"Mti unacheza. Ukicheza mti,
kilele chako kitacheza lelemama."
Tukasogeza yote matatu, tukachimba upya,
kokoto, zege, nondo iliyopindwa kama kiwiko.

Kisha kukaza. Nilidhani ni kazi ya misuli,
kumbe ni ya zamu:
mzunguko mmoja huku, mmoja kule,
mmoja kwa Somoe, spana mkononi, khanga kiunoni.
Waya mmoja ukiukaza hadi ulie
wenzake wanalegea,
na mnara unainama kumsalimu aliyeuonea.
Mchopa alizigonga nyaya kwa ukucha, akasikiliza,
robo mzunguko, akasikiliza,
tena robo,
hadi zote tatu zikaguna sauti moja.

Ikabaki ethi.
Nondo ya shaba ilizama kwenye mchanga bila ubishi,
mimi nikafurahi. Mchopa hakufurahi.
Akapima, akakuna kidevu.
"Mchanga huu mkavu. Radi ikishuka
itakosa pa kwenda, itarudi ndani kukuuliza."
Tukashindilia mkaa, tukamwaga chumvi ya mawe kilo tano.
"Na maji," akasema. "Ndoo mbili kila wiki, kiangazi chote."

Somoe akaweka spana chini.
Ndoo moja shilingi mia tano,
na foleni ya bombani tangu alfajiri.
"Yaani mimi nijitwike maji
nije niinyweshe radi ambayo haijafika?"
Sikuwa na jibu. Kweli sikuwa nalo.
Mchopa alikusanya vyombo vyake, akaaga haraka.

Usiku nilisikia makuti yakikwaruza uani.
Kulipokucha, bafu letu lilikuwa limehama,
limechutama chini ya mnara,
mawe yake ya kukanyagia, kopo lake, sabuni yake,
na kijifereji chembamba
kikielekea moja kwa moja kwenye nondo.
Hakuniambia kitu. Nami sikuuliza.

Siku hizi mawingu yakijikunja upande wa Kitangari
nachomoa waya wa antena, nauachia ardhi,
naketi gizani na redio iliyonyamaza.
Lakini anga likitulia nampata mtu wa mbali,
jina lake silijui, sauti yake ni nukta na mistari,
ananihoji mambo ya mafundi:
mnara mita ngapi, umefungwa nyaya ngapi,
na ethi yako, rafiki, ikoje?
Naminya kitufe taratibu, herufi kwa herufi:
mbichi.
Dada yangu ametoka kuoga sasa hivi.