Ila

Juu ya duka la fundi saa, orofa ya tatu, mjini Budapest,
napima dhahabu za marehemu.
Taa moja. Lenzi ya mara kumi. Kitambaa cheusi.
Januari inabisha dirishani kama mdai.

Watu hudhani natafuta mng'aro.
Natafuta ulipokwisha:
goti la mfalme aliyesimama, ncha ya bawa la malaika.
Palipoinuka ndipo dunia hupapasa kwanza,
hulamba kidogo, kidogo,
miaka mia na ushei.
Kisha natoa namba, moja hadi sabini.
Sabini ni sarafu ambayo haijawahi kununua hata mkate.

Bwana Halmos Gedeon alikuja na yake
ndani ya kopo la peremende za kikohozi.
Korona ishirini, elfu moja mia tisa na moja.
Koti hakulivua.
"Liangalie doa," akasema, "usiliguse tu."

Nikaliangalia. Jekundu, dogo kuliko punje ya ulezi,
begani mwa malaika wa kushoto.
Na upande wa pili, chini ya kiatu cha mfalme, mkwaruzo,
mfupi, kama ukope ulioanguka.

"Ni damu," akasema. "Bibi yangu Rozália
aliishona kwenye pindo, majira ya baridi ya arobaini na nne,
gizani, kwa shazia, sindano ya magunia.
Akajichoma. Hakugumia.
Ukuta ule ulikuwa na masikio."

Nayajua madoa.
Damu haikai juu ya dhahabu, hukauka ikapukutika.
Hii ni shaba. Sehemu tisa dhahabu, sehemu moja shaba,
na asubuhi fulani huko Körmöc mkoroga chungu
alichoka mkono, au aliitwa jina lake,
akageuka;
chembe moja haikuyeyuka na wenzake,
ikakaa humo na upweke wake
ikingoja hewa.

Nilifungua kinywa.
Nikaona pindo la koti lake:
uzi mweusi juu ya kitambaa cha kahawia,
mishono mikubwa, ya mtu asiyeona anachoshona.
"Ni jekundu kweli," nikasema.
Sijapata kusema uongo mkubwa kuliko huo,
na haukuwa uongo.

Sitini na moja, nikaandika.
"Na bila doa?"
"Labda sitini na nne."
Akahesabu kwa midomo. Tofauti ile
ni gesi ya kupasha nyumba hadi Machi.
Akashukuru, akashuka ngazi,
akipumzika kila orofa.

Wiki ya tatu ya Februari, kijana wa duka la ng'ambo ya mto
alileta trei, sarafu kumi na mbili.
Ya saba ilikuwa na ukope chini ya kiatu cha mfalme.
Nikaigeuza. Nikaigeuza tena.
Begani mwa malaika, hakuna kitu.
Ngozi nyororo mno, ya mtoto aliyesuguliwa kwa hasira,
na mng'aro wa macho makavu,
tabasamu la karani wa hoteli.

Tindikali, sekunde nane, maji, pamba.
Naijua kazi hiyo. Niliwahi kuifanya
kwa pete ya mama, nikitaka kumfurahisha.
Aliivaa siku moja.

Kizuri hakikosi ila,
na hiki kimekosa.

"Sitini na nne?" kijana akauliza,
akitazama simu yake.
Kwenye karatasi kuna nafasi ya namba. Niliiacha tupu.
Nikaandika: imeoshwa.
Nikaandika: haina ila,
ila