Ndoo ya Machi

Bibi Hatsue hakunipa kisu.
Wiki tatu alinipa mchele tu:
Osha. Bado. Osha.
Mchele wa Kibimba, maji ya bomba la Walukuba,
hadi maji yaache kufanana na maziwa.
Nami niliyefundisha fizikia Uvira, mtu mzima na ndevu zangu,
nikasema moyoni: huyu mama
anamfundisha samaki kuogelea.

Kisha mukene.
Kwetu ni ndagala, twawakaanga wazima,
na macho yao, na mawazo yao.
Yeye: kichwa ng'oa, tumbo toa, uchungu umekaa hapo.
Walale majini usiku kucha.
Asubuhi moto mdogo, isichemke,
nawe usicheke.
(Kiswahili chake kilikuwa cha kamusi;
sikujua kama ni mzaha.)

Nikaonja.
Mchuzi mwangavu, kama hauna kitu,
na ziwa zima lilikuwamo,
ziwa langu, si hili la Jinja.
Nikatoka nje kupenga kamasi, nikasingizia kitunguu.
Jikoni hamkuwa na kitunguu.

Februari tulichemsha soya ya Masindi
hadi ikalainika kama ndewe ya sikio.
Tukaiponda, tukatia chumvi,
na wali alioulaza siku tatu ukaota ukungu mweupe.
Mama angenichapa kwa ukungu ule.
Tukafinyanga matonge, tukayatupa ndooni kwa nguvu
hewa isibaki,
na kila tonge nililipa jina la mtu.
Sikukosa hata moja.

Juu ya kifuniko akataka jiwe.
Nikateremka hadi Nile, nikachagua,
nikapanda nalo kilima nimelikumbatia.
Akaandika kwa kalamu nene
ubavuni mwa ndoo iliyokuwa ya mafuta ya kupikia:
BYAMUNGU. MACHI.
Machi hii?
Ijayo.

Miaka sita dirisha la wakimbizi limeniambia
rudi Jumatatu, rudi tarehe nane, ngoja simu.
Tarehe zote zilikuwa zao.

Sasa wenzangu wakiniuliza Kanada ni lini,
nawajibu si kabla ya Machi,
nina kitu kinaiva.

Jana nimelisogeza jiwe kidogo.
Maji meusi yamepanda ukingoni, yana harufu
ya chumvi na ya ngozi ya kiatu kipya.
Bibi Hatsue akachovya kidole, akalamba:
Bado.
Bado, nikaitikia,
na kwa mara ya kwanza neno hilo
halikuniuma popote.