Maji Yakikimbia

Napaka jeli kwenye panja la Akeyo.
Baridi. Anainua bega hadi sikioni.
Miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo.
Nje, barabara ya Kakamega, mtu anagonga mabati
tangu saa mbili, hachoki.

Natafuta dirisha. Mfupa hapo ni mwembamba,
na sauti ambayo hakuna sikio linaloisikia
inapita, inagonga damu, inanirudia
na habari za mbio zake.
Kisha spika inaamka: shwa, shwa, shwa.

Ubongo hauna ghala.
Hilo ndilo limekula miaka yangu kumi na mmoja.
Ini lina akiba yake, msuli una yake,
lakini huu, kilo moja na ushei ya uji mzito,
hununua sukari kwa kipimo
kama jirani yangu wa Nyalenda:
ya shilingi kumi asubuhi, ya shilingi kumi jioni,
na dukani hakopeshwi.
Mchukuzi akikwama njiani dakika chache tu
taa huzimika, chumba kimoja kimoja,
na si zote zitakazowaka tena.

Ukiuambia upumzike, bado unakula
karibu vilevile. Unapika nini humo
usiku, mwenyewe akikoroma?
Nimeandika maombi matatu ya fedha kwa swali hilo.
Moja lilijibiwa.

"Taja wanyama, Akeyo, lakini moyoni."
Midomo imetulia. Kwenye kioo
mstari wa kushoto unapanda,
damu inaitikia mwito ambao sijausikia,
neno halijazaliwa, maziwa yake yamekwisha kuletwa.
Hapa ndipo hunipata ile tamaa
ya kubaki kazini hadi mlinzi anifukuze.
"Umemtaja nani?"
"Sungura. Halafu nikasahau, nikafikiria chapati."

Baba alikuwa mfungua milango ya maji,
mashamba ya mpunga, Ahero, mfereji wa tatu.
Alilala, sikio lake likakesha.
Yakinong'ona, alisema, mpunga unakunywa.
Yakikimbia usishangilie,
kuna mahali pamebanwa.
Niliandika hayo kwenye tasnifu, ukurasa wa shukrani.
Msimamizi akayafuta kwa kalamu nyekundu:
*hayahusiani na mada.*

"Sikia!" anasema Rispa, mama mtu,
kiatu kimoja cha mtoto mkononi.
"Damu ya mwanangu ina nguvu!
Na wanasema kwamba ni mgonjwa."
Anacheka. Anapiga goti lake kwa kile kiatu,
shwa, shwa, anafuata mdundo.

Kioo kinasema mia mbili na kumi na nne.
Sentimita, kwa kila sekunde.
Seli zimepinda kama mundu, zimekwaruza kuta,
njia imekuwa nyembamba,
na damu, nyepesi, maskini, inakimbizana
isichelewe dukani.
Nina sentensi ya kumwambia. Niliifunzwa kwenye semina,
hoteli yenye viyoyozi: *sema polepole,
epuka istilahi, mtazame machoni.*
Sentensi haitoki.

"Mpime na mama," anasema Akeyo,
amekwisha kuketi, anajifuta jeli kwa kiganja.

Basi nampima. Rispa analala, anacheka bado,
anasema jeli ni kama mlenda.
Natafuta dirisha lake; wakubwa, mfupa ni mgumu,
nahangaika. Mwisho inakuja:
shwaaa.
Shwaaa.
Kama mtu anayefagia ua bila haraka.
Sitini na mbili.

Hasemi kitu. Anasikiliza.
Namwona akiipima ile na hii,
ya mtoto aliyoishangilia, na yake mwenyewe,
na kicheko kinamtoka usoni taratibu
kabla sijafungua mdomo.

"Yake ilikuwa inakimbia," anasema.
"Ndiyo."
"Inakimbia nini?"

Nazima spika. Kuna tembe, namwambia,
kuna damu ya kuongezwa kila mwezi,
Akeyo bado hajapoteza neno hata moja.
Navuta kiti karibu. Fundi bado anagonga mabati.
Anakitazama kiatu kana kwamba ndiyo kwanza akione,
anapiga magoti, anamvalisha mtoto,
anafunga kamba. Anaifungua,
haijambana, jamani? Anaifunga tena,
kwa kulegeza.